Gamba la Tarehe Kumi na Nne

Kambini, nje ya Muanda
Jumapili, 8 Oktoba 2023

Yaya Madeleine,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Mama, halafu Princesse wangu, halafu wote wa lupango, uani kwetu. Macho ya Mama yanaendeleaje? Yale matone ya daktari aliyapata? Princesse amepanda darasa? Tangu mama yake atutoke sijawahi kukaa mbali naye miezi minne, na usiku mwingine naona nimekuachia wewe, Yaya, dada yangu mkubwa, mzigo usio wako. Mwambie kwamba siku ya komunyo yake ya kwanza nitakuwepo.

Najua tarehe 23 Septemba mlifanya misa ya mwaka mmoja wa kifo cha Baba. Mimi nilikuwa majini na wateja. Nilisema Baba Yetu moja, nikawasha injini, nikaendelea na kazi.

Utauliza kwa nini barua na si simu. Simu zetu zinakaa ofisini, ndani ya sanduku la patron Aristote, mwenye kambi, kwa sababu wateja wake hawapendi kupigwa picha. Lakini yuko Chanda, dereva anayeleta barafu na mafuta kila Jumamosi. Ni mtu wa Kipushi, jirani na kwetu. Siku ya kwanza alisikia Kiswahili changu akacheka: "Weye ni mutoto ya Lubumbashi, unatafuta nini ku maji ya chumvi?" Yeye ndiye atakayepeleka barua hii kwenye ajensi ya mizigo, na yako nitaipata kwake.

Kazi yenyewe ni hivi. Patron ana boti tatu na vibanda sita. Yeye mwenyewe hapandi boti hata siku moja, maji yanamtapisha. Wageni wanatoka Ulaya na Kinshasa kuvua samaki mmoja tu, anaitwa tarpon. Ni mrefu kunishinda, anang'aa kama bati jipya, na mdomo wake unafunguka kuelekea juu, kwa sababu anawakamata samaki wadogo kutoka chini yao. Akishikwa na ndoana anaruka nje ya maji mara tano, mara sita. Nyama yake ni miiba mitupu, hivyo wakimaliza kumpiga picha wanamwachilia. Mwambie Mama hivyo, kwamba watu wanavuka dunia kuvua samaki wasiyemla. Sisi tuliokua na tomson, samaki wa barafu wa katoni, tutasema nini?

Kuna desturi moja hapa. Kabla ya kumwachilia, anayeongoza boti, kama mimi, anang'oa gamba moja. Gamba la tarpon linajaza kiganja. Upande wa ndani ni mweupe kama ukucha, na hapo unaandika kwa penseli tarehe, mahali na jina lako. Kisha linapigiliwa ukutani pa baa. Penseli haionekani ukilishika wima; lazima uliinamishe kwenye mwanga. Ukuta mzima umejaa. Nakutumia moja la Princesse, nimeandika jina lake ndani. Nitakuwa namwekea mengine kwenye mfuko wangu.

Nilimuuliza patron kwa nini alinitoa Kasumbalesa, mpakani huko kwetu, nilikokuwa natengeneza malori, wakati Muanda imejaa vijana waliozaliwa ndani ya mitumbwi. Alisema, "Watu wa hapa wana ndugu wengi sana." Akacheka, nami nikacheka.

Aliyekuwa na kazi hii kabla yangu alikuwa Mutale, naye ni mtu wa Kasumbalesa. Patron anasema alirudi kwao tarehe 2 Machi. Nalala kwenye kitanda chake. Chini yake kuna kitabu chake cha sala na viatu vyake vya ngozi, vizima.

Ndugu yako mdogo,
Hénoc


Lubumbashi, komini ya Kenya
Jumapili, 29 Oktoba 2023

Mdogo wangu Hénoc,

Salamu zako zimefika tarehe 25, siku kumi na saba baada ya kuandikwa. Tarehe zote mbili nimeziandika juu ya bahasha, kama ninavyofanya na kila karatasi inayoingia nyumbani humu.

Mama anakusalimu. Jicho la kulia limepona. La kushoto bado linatoa machozi, naye anasema hilo ndilo linalokulilia wewe. Princesse amepanda darasa la nne, wa sita kati ya watoto arobaini na mmoja. Komunyo ni tarehe 7 Aprili, Jumapili inayofuata Pasaka. Anataka viatu vyeupe, na anataka wewe ndiye umshike mkono kuingia kanisani. Gamba alilipeleka shuleni. Mwalimu alidhani ni plastiki, mtoto mmoja akasema ni ukucha wa samaki, na wakapigana.

Misa ya Baba ilikwenda vizuri. Wenzake wa reli walikuja watatu, ndio waliobaki. Kofia yake bado iko kwenye msumari wa mlangoni, pale alipoitundika mwenyewe siku ya mwisho, na Mama hataki iguswe. Mvua bado. Vumbi jekundu limeingia hadi kwenye sukari.

Sasa nije kwenye jambo lako, kwa sababu uliliweka mwishoni mwa barua kama mtu anayeacha mlango wazi kidogo ili mwingine aufungue.

Nimefanya kazi ya redio miaka thelathini na moja. Mtu anayerudi kwao huvaa viatu vyake, hasa kama ni vya ngozi na ni vizima. Kwa hiyo nakuuliza. Nani alimwona Mutale akiondoka, na aliondoka kwa gari la nani? Chanda anasemaje? Simu yake alirudishiwa? Wateja waliokuwepo wiki ile walikuwa nani? Na je, wewe unaogopa? Hilo la mwisho unaweza kulijibu kwa neno moja.

Usiandike unachodhani. Andika ulichokiona, na siku uliyokiona.

Kula vizuri. Mama anauliza kama huko kuna bukari ya unga wa mahindi.

Yaya wako,
Madeleine


Kambini
Jumapili, 26 Novemba 2023

Yaya,

Nakusalimu, namsalimu Mama na jicho lake la kushoto, namsalimu bingwa wangu wa sita. Mwambie Mama bukari ipo, lakini ya muhogo mtupu, inateleza. Nimefurahi kusikia habari za kofia. Nilikuwa nataka kuuliza, nikaogopa mmeiondoa.

Barua yako ilikaa kwa Chanda wiki mbili kwa sababu barabara ilikatika. Alinipa tulipokuwa tunapakua barafu, bila kunitazama. Niliisoma, nikaichoma. Nilimuuliza kuhusu Mutale. Alisema hakumbeba yeye. Alisema gari la barafu ndilo gari pekee linalokuja huku. Kisha akaniambia, "Mudogo, beba barafu, inayeyuka."

Ulitaka nilichokiona. Nitakueleza kwanza mahali, ili uelewe.

Wageni wanadhani tarpon anatafutwa. Hatumtafuti. Mto unapoingia baharini maji yake ni ya kahawia, na bahari ni ya kijani, na yanapokutana kuna mstari kama mshono wa nguo. Maji yanapokupwa, mto unasukuma samaki wadogo kutoka kwenye mikoko hadi pale, na tarpon anawasubiri upande wa kijani. Tena ana tabia moja: anavuta hewa. Kila baada ya muda lazima apande juu, afungue mdomo, ashuke tena. Kwa hiyo mvuvi anayejua kazi hamkimbizi. Anazima injini mahali ambapo samaki atalazimika kupanda, anakaa kimya. Nina mahali patano. Pazuri kuliko pote ni penye boya la kutu, lililokwama kwenye mchanga. Ng'ambo yake si nchi yetu tena.

Jumanne tarehe 14 Novemba nilipewa wateja wanne niwapeleke kwenye boya la kutu. Fimbo zao zilikuwa mpya, mbili bado zimo kwenye nailoni. Nilitazama mishipi yao. Haikuwa na ndoana. Nilidhani wamesahau, nikawaambia ninazo za akiba. Mmoja wao akasema, "Samaki atakuja mwenyewe." Tulikaa saa mbili. Ikaja boti kutoka ng'ambo, haina jina wala namba. Mimi niliinama juu ya injini. Mtu anayetengeneza injini haoni kitu kingine, Yaya, na kuhusu dakika zile kumi sitaandika zaidi.

Tuliporudi patron alitoa ndooni gamba la zamani akanipa penseli. "Andika," alisema. "Kila safari ina gamba lake. Ukuta lazima useme tulivua." Nikaandika tarehe, boya la kutu, jina langu. Likapigiliwa.

Siku iliyofuata nikiwa nafuta vumbi baa niliutazama ukuta kwa macho mengine. Niliyainamisha magamba ya Mutale moja moja. Mwandiko wake naujua kutoka kwenye kitabu cha sala. Saba yake ina mkia. Gamba lake la mwisho nimelitia kwenye bahasha hii. Liinamishe kwenye taa. "14/3/2023. Boya la kutu. Mutale."

Patron anasema aliondoka tarehe 2.

Swali lako la mwisho silijibu. Nilitoa gamba nikaacha msumari. Kuna misumari mingi mitupu ukutani, hakuna atakayehesabu.

Mwekee Princesse viatu vyeupe.

Hénoc


Lubumbashi, komini ya Kenya
Jumapili, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Hénoc,

Heri ya mwaka mpya kutoka kwa wote. Barua yako ya 26 Novemba imefika tarehe 5 Januari. Ajensi wanasema ilikwenda Matadi ikarudi. Mama ni mzima. Mvua imeanza, bowa, uyoga wa mvua, wanauzwa barabarani vikapu kwa vikapu, na Mama alikula hadi tukamnyang'anya sahani. Princesse ameng'oka jino la mbele na anaogopa halitaota kabla ya komunyo. Viatu nimenunua, nimechukua namba kubwa kidogo.

Gamba nimeliona. Saba haimo katika tarehe ile, kwa hiyo huo mkia sikuweza kuuhakikisha, lakini sahihi nimeilinganisha. Nitakuambia na nini.

Jumatano tarehe 10 nilipanda basi hadi Kasumbalesa. Foleni ya malori ilianza kilomita nne kabla ya mpaka. Niliuliza familia ya Mutale aliyekwenda kufanya kazi Muanda, na mtu wa tatu akanipeleka kwa mama yake, Mama Chomba, anayewauzia madereva chai na mikate pale pale kwenye foleni. Ana mguu mbovu, anaketi ameunyoosha juu ya kreti. Nilimuuliza mwanawe yuko wapi. Akasema, "Iko Muanda, kazini." Hakusema alirudi. Hajarudi. Alinionyesha barua yake ya Krismasi ya 2022, na sahihi ni ile ile ya kwenye gamba.

Tangu Machi hapati barua, anapata ujumbe wa simu kutoka kwenye namba ya Mutale. Niliusoma wote, ni kumi na mmoja, na nimeunakili. Unafanana. "Niko salama. Kazi ni njema. Msinipigie, mtandao ni mbaya." Hakuna salamu hata kwenye mmoja. Mama Chomba aliniangalia nikisoma, halafu akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwa amemwambia mtu:

"Hii haiko mwana yangu. Mutale anaanzaka na muguu yangu. Hata nyumba iwake moto, ataniuliza kwanza: mama, muguu iko namna gani?"

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Alisema kama angesema, ujumbe ungeacha kuja.

Ijumaa tarehe 12 nilifanya linalonipasa. Katika miaka yote hii sijawahi kutoa habari ya upande mmoja, hata dhidi ya mtu niliyemjua kuwa mwizi. Nilipiga namba ya Mutale kutoka ofisini. Alipokea mwanamume mtulivu. Nilijitaja: Madeleine, wa redio, Lubumbashi. Naye akajitaja bila kusita, patron Aristote. Alisema Mutale aliisahau simu alipoondoka tarehe 2 Machi. Nilimuuliza ni nani basi anayeandika ujumbe kwa mama yake. Alisema labda vijana wa jikoni, wanacheza. Nikamwambia kwamba kuna gamba lenye jina la Mutale la tarehe 14 Machi, boya la kutu, na kwamba ningependa kauli yake.

Kisha akauliza, kwa adabu, "Gamba hilo mmelionea wapi, mama?"

Nilimjibu kwamba chanzo changu hakitajwi. Alisema ni haki yangu. Akanitakia mwaka mwema.

Sikukutaja, Hénoc. Hajui kwamba wewe ni ndugu yangu, wala kwamba tunaandikiana. Habari yenyewe sitaitoa hewani kabla hujawa hapa. Kwa hiyo usimalize mwezi. Jumamosi panda gari la barafu na Chanda, ukae kati ya vyombo vitupu, ushuke mjini Boma, unipigie kutoka hapo. Acha mfuko wako kama lazima. Viatu vaa.

Yaya wako,
Madeleine


Muanda
18 Februari 2024

Dada Madeleine,

Niko salama. Kazi ni njema. Mwezi huu kuna wateja wengi, sitaweza kusafiri. Msinipigie, mtandao ni mbaya. Chanda ameacha kazi, barua zitumwe moja kwa moja kambini. Habari ulizosikia kuhusu mfanyakazi wa zamani si za kweli, ni maneno ya watu wenye wivu. Usizitangaze, utaniharibia kazi.

Mdogo wako,
Hénoc


Lubumbashi, komini ya Kenya
Jumapili, 10 Machi 2024

Mdogo wangu Hénoc,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Tumefurahi kupata barua yako. Tulikuwa na wasiwasi, lakini sasa tumetulia. Umeamua vizuri kuanza kutumia mashine ya kuandikia, mwandiko wako ulikuwa unaniumiza macho.

Mama hajambo. Princesse anasoma kwa bidii. Baba anakusalimu sana. Magoti bado yanamsumbua, lakini kila asubuhi anakaa mlangoni na kofia yake ya reli, anasalimiana na wapita njia, anawaambia mwanawe anavua samaki wakubwa kuliko mtu. Ameniagiza nikuulize kama umeipenda ile mashine ya kunyolea aliyokutumia Krismasi. Ukimjibu atafurahi, unamjua, hasahau kitu.

Kuhusu ile habari, usiogope. Mkuu wangu wa kazi ameona haina uzito. Mambo ya Muanda ni mbali, na wasikilizaji wetu wanataka kusikia bei ya unga. Niliipiga simu ile kama kawaida ya kazi tu. Mwambie patron wako nasikitika kumsumbua.

Princesse anaomba gamba jingine, kama ulivyomzoesha.

Yaya wako,
Madeleine


Muanda
27 Machi 2024

Dada Madeleine,

Barua imefika. Nashukuru kusikia kwamba jambo lile limekwisha. Patron hana kinyongo.

Mwambie baba nimeipenda mashine ya kunyolea, naitumia kila siku. Nafurahi kuwa ni mzima. Aendelee kuvaa kofia yake. Nitakuja kumwona kazi ikipungua.

Gamba la mtoto limo ndani ya bahasha.

Mdogo wako,
Hénoc


Lubumbashi, komini ya Kenya
Jumapili, 14 Aprili 2024

Mdogo wangu Hénoc,

Nakusalimu. Mama anakusalimu. Ameacha kusema ni jicho lipi linalolia. Princesse anakusalimu, jino limeota nusu. Tarehe 7 aliingia kanisani na viatu vyeupe, nami nilimshika mkono. Mlangoni alisimama, akatazama nyuma mara moja kuelekea barabarani, kisha akaingia.

Barua hii sitaituma. Hakuna ajensi ya kuipeleka. Naiandika kwa sababu nimezoea kuweka mambo kwenye karatasi kwa mpangilio wake, na kwa sababu wewe ndiye unayestahili kuupata mpangilio huo wa kwanza.

Yule aliyeniandikia mara mbili kwa jina lako hajui kwamba Baba tulimzika Septemba 2022. Haniiti Yaya, ananiita Dada. Hakumuuliza Mama habari za macho. Lakini alitaka nimwamini, na nilipomwomba gamba alipekua mfuko wako, akakuta ulilokuwa umemwekea Princesse, akalitia ndani ya bahasha. Nadhani aliliona jeupe. Mtu asiyepanda boti hajazoea kuyasoma.

Nililiinamisha kwenye taa ya jikoni. Ni mwandiko wako, penseli yako, umeukandamiza kuliko kawaida. Nanakili kama ulivyoandika:

"Princesse. 16/1/2024. Boya la kutu. Watu wanne. Leo patron amepanda boti na sisi."

Nimefanya hesabu, na naiweka hapa bila kuipamba. Nilimpigia simu tarehe 12 Januari. Barua ya kukwambia uondoke niliiandika tarehe 14. Gamba lako ni la tarehe 16. Simu hufika kabla mtu hajameza mate. Barua zetu, iliyokwenda upesi kuliko zote ilichukua siku kumi na saba. Mimi niliyeandika tarehe mbili juu ya kila bahasha nilikuwa na kila nilichohitaji kulijua hilo. Niliacha kulitaja jina lako nikadhani nimekuficha. Lakini nilimtajia gamba, naye alikuwa na ukuta wa kutazama, na mwongoza boti mmoja tu aliyefuta vumbi mbele yake. Kanuni niliyoifuata ni nzuri. Niliifuata siku mbaya, na kosa ni langu.

Chanda nimempata. Yuko kwao Kipushi, aliachishwa kazi tarehe 18 Januari. Alinipokea nje ya lango, hakunikaribisha ndani. Alisema Jumamosi ile ya tarehe 20 hakufika kambini kwa sababu hakuwa tena na gari, na kwamba barua yangu ya mwisho dereva aliyefuata baada yake ndiye aliyeipokea; hapo ndipo patron alipojua kwamba mimi ni dada yako. Nilimuuliza kama yuko tayari kusema hayo mbele ya wakili. Kisha akasema, "Mudogo yako alikuwa ananisaidia kubeba barafu kila Jumamosi, na haikuwa kazi yake. Andika jina yangu."

Nimeliandika. Nakala ziko kwa wakili mmoja hapa na mwingine Kinshasa: ujumbe kumi na mmoja wa Mama Chomba, barua zako mbili, zake mbili, na picha za magamba mawili, la Mutale na lako. Yote mawili yanataja mahali pamoja. Magamba yenyewe yamo kwenye mkoba wangu, nimeyashonea kitambaa.

Redio watatangaza Ijumaa, niwepo nisiwepo.

Ndege inaondoka uwanja wa Luano Alhamisi saa moja asubuhi, tunabadilisha Kinshasa, jioni tunafika Muanda. Mama Chomba anakuja nami. Nilimwambia mguu wake hautaweza. Alisema mguu ni wake na ameungoja uulizwe habari mwaka mzima, sasa atakwenda nao mwenyewe.

Ulinieleza kwamba mvuvi wa tarpon hamkimbizi samaki wake. Anakaa kimya mahali ambapo itambidi apande kuvuta hewa. Patron Aristote amekwisha kupanda mara mbili, kwanza kwenye simu ya Mutale, halafu kwenye salamu za Baba. Tutakaa Muanda hadi apande mara ya tatu.

Alichagua watu ambao ndugu zao wako mbali. Alhamisi jioni hatutakuwa mbali.

Yaya wako,
Madeleine